Shule zikifungwa, watoto watakula wapi?

MHARIRI,

Mpango wa chakula cha mchana shuleni, Dishi na County, ulioanza Nairobi mwaka wa 2023 unastahili pongezi. Mzazi analipa Sh5, mtoto anagusisha bangili yake kwenye mashine, naye anapakuliwa chakula cha moto. Huku kwetu Mathare wapo wanaokula nusu na kufungia wadogo wao nusu nyingine kwenye karatasi ya nailoni. Walimu wanaona na kunyamaza, na mimi siwalaumu.

Shida huja likizoni. Aprili, Agosti, halafu Novemba hadi Januari, sahani hiyo haipo, na mama anayefua nguo za watu kwa siku hana pa kuitoa nyingine. Benki za chakula, yaani mashirika yanayokusanya chakula kizuri ambacho kingetupwa na kuwapa wenye njaa, zingeziba pengo hilo. Chukua mishiri, yale maharagwe mabichi membamba: ikipinda kidogo tu, kampuni za kuuza nje huikataa, ingawa ladha ni ileile. Shirika la Food Banking Kenya tayari hukusanya mazao ya aina hiyo kutoka mashambani na kuyafikisha kwa wenye njaa, wakiwemo wanafunzi.

Kaunti ikae chini na mashirika kama hayo, jikoni ziendelee kupika likizoni, na chakula kigawiwe kwenye lango la shule. Na tafadhali, msitupange foleni kwa chifu kuandikishwa upya huku tukipigwa picha. Bangili zina orodha yote mnayohitaji.

Mzazi,
Mathare, Nairobi