Barua ya wazi kwa wanawake wa Moshi mliostaafu mkashika cherehani

Wadogo zangu wapendwa,

Nawasalimu nyote, mliokwisha kustaafu na mnaohesabu miezi iliyobaki: walimu wenzangu, wauguzi, makarani, na ninyi mliofanya biashara pale Mbuyuni mkaona sasa inatosha. Nimefundisha sayansi kimu katika shule za sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na tangu nilipoacha kazi wengi mmekuwa mkinijia nyumbani mkitaka niwaonyeshe namna ya kushona mifarishi, yaani yale matandiko mazito ya kitandani, ya vipande vya vitenge na khanga, mapazia, na foronya za mito ya sebuleni. Nimewafundisha kwa furaha, na nitaendelea. Lakini nimeona kwamba mshono wenyewe mnaushika upesi, na kinachowashinda ni kukaa na kazi hiyo ndani ya nyumba yenye mume, wajukuu, mama mzazi aliyezeeka, simu za misiba na vikao vya harusi. Kwa kuwa kila mmoja huniambia habari hiyo pembeni kana kwamba ni yake peke yake, nimeona niwaandikie wote kwa pamoja.

Ushauri wangu ni huu: saa ya kushona itangazwe nyumbani, ijulikane na kila mtu, na iwe na mwisho unaojulikana vilevile. Wengi wenu hamna saa hiyo. Mnashona kwa kuiba muda, usiku watu wakiwa wamelala au mchana huku sufuria iko jikoni, na matokeo yake kazi haiendi, chakula kinaungua, na moyo unabaki na kinyongo ambacho hata mwenyewe hujui unamkasirikia nani.

Chanzo chake kinaeleweka. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akifika miaka 60, na anaweza kuomba kwa hiari akifika 55, na siku hiyo ikifika ukoo mzima hupata habari kwamba sasa mama yuko nyumbani. Ulipokuwa kazini hakuna aliyekuletea mtoto saa moja na nusu asubuhi, maana alijua mlango umefungwa. Sasa analetwa, na mfuko wake wa nguo, na maelezo ya dawa ya kikohozi. Mikutano ya jumuiya na ya vikoba inahamishiwa kwako kwa sababu una nafasi. Mimi sisemi msiwapokee wajukuu. Ni baraka ambayo wengine wanaililia. Ninachosema ni kwamba watoto wenu wakubwa hawawezi kuheshimu ratiba ambayo hamjawahi kuwaambia. Waiteni, wakae chini, waambieni kwa upole na bila kuomba radhi: Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa tatu hadi saa sita, mama anashona, na siku nyingine zote yupo. Mkishasema hivyo, ninyi wenyewe muwe wa kwanza kuitii saa sita ikifika. Mwenye kuvunja mwisho wa saa yake hana haki ya kulalamika wengine wakivunja mwanzo wake.

Kuipanga saa hiyo kunakuwa rahisi mkielewa kwamba kazi za mfarishi hazifanani, na kwamba si zote zinazohitaji upweke. Chukueni kitanda cha futi 5 kwa 6, ambacho kiko katika nyumba zetu nyingi. Mfarishi wake uwe wa inchi 84 kwa 90 hivi, ili uninginie pembeni na upate kufunika mito. Mkikata vipande vya mraba vya inchi 6 na nusu na kuacha robo inchi ya mshono kila upande, kila kipande kitabaki na inchi 6, na hesabu itatoka vipande 14 kwa upana na 15 kwa urefu, yaani vipande 210. Kukata vipande 210 vilivyo sawasawa kunataka meza pana, mwanga wa asubuhi na akili iliyotulia, kwa sababu kosa dogo la upana katika kila kipande likirudiwa mara 14 linakuwa pengo ambalo pasi haiwezi kulificha. Kazi hiyo ndiyo ya saa yenu ya faragha. Msiifanye mtoto akiwa anazungukazunguka miguuni, na msiifanye mkiwa na hasira.

Kuunganisha kwa cherehani kunaweza kukatwa vipandevipande, safu moja leo na safu moja kesho, kwa hiyo hata nusu saa inafaa. Kupanga rangi ni kazi ya kufanya na wajukuu. Tandazeni vipande sakafuni kwenye mkeka safi, mwachieni mtoto wa miaka sita aamue chekundu kikae karibu na kipi, na mtashangaa jinsi macho yake yasivyo na hofu. Nimewahi kumwona mmoja akihamisha kipande cha njano mara nne, kila mara akirudi nyuma hatua mbili kutazama, kisha akakataa katakata bibi yake asikiguse. Na ile hatua ya mwisho, ya kupitisha sindano ya mkono katika matabaka yote matatu, yaani uso wa vipande, blanketi la katikati na kitambaa cha chini, hiyo ni kazi ya kufanya mkiwa na watu. Huhitaji kuitazama kila mshono. Mume anasikiliza taarifa ya habari, wewe unashona. Binti yako anakusimulia mambo ya kazini kwake, wewe unashona na kusikiliza. Kuna mambo ambayo mtoto mkubwa hawezi kumwambia mama anayemkazia macho, lakini humwambia mama aliyeinamia kitambaa.

Kuhusu nafasi, msiifanye meza ya chakula kuwa ya cherehani moja kwa moja. Nyumba ambayo watu wanakula wakiwa wameshika sahani magotini kwa sababu mezani kuna vitambaa imeshapoteza kitu ambacho mfarishi hauwezi kukirudisha. Tafuteni kona, hata kama ni ya chumba cha kulala, wekeni sanduku moja lenye mfuniko, na kila siku saa ikiisha vyote viingie humo. Pini zihesabiwe kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Mtoto anayetambaa huiona pini ya kwenye zulia kabla yako.

Sasa nije kwenye mapambo, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu nitasema kwa ukali kidogo. Sebule zetu nyingi zimepambwa kwa ajili ya watu wasioishi humo. Makochi yamevikwa vitambaa vya kufuma vyeupe ambavyo mzee haruhusiwi kuviegemea, kabati limejaa vikombe visivyonywewa, na watoto wa nyumba wanakaa jikoni. Kisha mnashangaa kwamba mzee anapenda zaidi kukaa nje chini ya mwembe. Anzeni kupamba mahali ambapo mtu wa nyumbani anakaa kila siku. Mshonee mto wa kiti chake kwa kitenge kizito cha rangi isiyoshika uchafu, muulize anataka uwe mnene kiasi gani, na usimbadilishie kiti chake bila kumwambia. Naye amestaafu, au yuko karibu kustaafu, na anatafuta mahali pake katika nyumba ambayo kwa miaka mingi alikuwa akija kulala tu.

Kwetu sisi wa Moshi kuna mzigo mwingine, nao ni nyumba ya kihambani, yaani ya kwenye shamba la ukoo mlimani. Wengi tuna nyumba mbili, ya mjini tunakoishi na ya mlimani, Marangu au Machame au Kibosho, inayojaa Desemba watoto wakirudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza, na ikibaki kimya miezi mingi ya mwaka. Kila Oktoba naona wanawake wakianza kuhangaika na mapazia mapya ya nyumba hiyo, wakikopa, wakikesha, wakishindana na shemeji wa nyumba ya pili, na Krismasi ikifika wamechoka kiasi cha kushindwa kucheka na wajukuu waliowasubiri mwaka mzima. Tafadhali, msifanye hivyo. Nyumba ya katikati ya migomba na kahawa haina mwanga mwingi, na mlimani unyevu wa masika hufika hadi ndani ya makabati, kwa hiyo mapazia mazito ya rangi iliyokolea huizidishia giza na huota ukungu yakikaa yamefungwa. Mapazia mepesi ya pamba, ya rangi ya maziwa au ya njano hafifu, yanafuliwa, yanakauka, na yanaingiza mwanga. Yashonwe Juni na Julai, wakati baridi na mawingu yametufungia ndani hata hivyo. Desemba iwe ya watu.

Na mifarishi mkishaimaliza, ilalieni. Kusini mwa Marekani, katika jimbo la Alabama, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend ambacho wanawake wake weusi walishona mifarishi kwa vizazi vingi kutokana na nguo kuukuu za shambani, ili watoto wao wasipate baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo iliwekwa katika maonyesho ya jumba la sanaa la Houston, na mwaka 2006 ikachapishwa kwenye stempu za posta za nchi hiyo. Ninawafundisha wanafunzi wangu habari hii kwa sababu uzuri uliostaajabisha watu wa majumba ya sanaa ulitoka mikononi mwa wanawake waliokuwa wakishona cha kujifunika usiku. Mfarishi uliofungiwa kabatini ukingoja mgeni wa heshima huliwa na panya, na mjukuu aliyeshonewa anakua bila kuujua.

Fedha nitazigusa kwa kifupi. Mafao ya mkupuo yasinunue mashine kubwa ya kudarizi. Cherehani ya kukanyaga iliyotumika, ikikaguliwa na fundi anayeaminika, inatosha kabisa, na umeme ukikatika haijali. Mabaki ya vitenge ombeni kwa mafundi wa mjini, ambao wengine huyatupa. Blanketi jepesi la kuweka katikati tafuteni Kiboriloni kwenye mitumba. Vitambaa vyote vifuliwe kabla ya kukatwa, kila rangi peke yake, mpaka maji yatoke meupe, maana pamba mpya hupungua na rangi nyekundu ya khanga inaweza kuharibu kazi ya miezi. Mtu akitaka kununua mfarishi wako, mwuzie, lakini usimwahidi tarehe iliyo ndani ya muda wa familia. Siku oda za watu zikianza kuamua utamwona mama yako lini, umerudi kazini, na safari hii hata likizo huna.

Afya pia. Baada ya miaka 40 jicho hupoteza polepole uwezo wa kuona kitu cha karibu, kwa hiyo kama mnasogeza sindano mbali ili muone tundu lake, nendeni mkapimwe mpate miwani, msilaumu uzi. Inukeni mara kwa mara mtembee. Wenye shinikizo la damu msikubali kazi iwafanye msahau vidonge.

Limebaki jambo moja, ambalo wengi wenu mko ndani yake sasa hivi. Itafika wakati saa yenu ya kushona haitawezekana kabisa, kwa wiki au kwa miezi, kwa sababu mama amelazwa, au binti amejifungua kwa upasuaji, au mzee mwenyewe ameanguka. Wakati huo msigombane na hali. Lakini msiiache kazi ovyo mezani, ikawa kila mkiipita inawasuta. Malizieni safu mliyoanza, kunjeni kila kitu, na juu yake bandikeni kwa pini karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: nimefika safu ya tisa, inayofuata inaanza na kipande cha bluu, mshono ni robo inchi, uzi uko kwenye kopo. Mtakaporudi, hata baada ya miezi mitatu, akili itakuwa imechoka na haitakumbuka lolote, na karatasi hiyo itawaokoa. Chukueni vipande vichache na sindano moja katika mkoba, vya kushona kwa mkono kando ya kitanda cha mgonjwa akiwa amelala. Akiamka, wekeni chini.

Mwenye kutaka nimsaidie kukata kile kipande cha kwanza cha mfano, ambacho vingine vyote hupimwa kwacho, aje nyumbani Alhamisi yoyote kabla ya saa sita. Aje na mkasi wake mwenyewe, uliokwisha kunolewa.

Ni mimi dada yenu mkubwa,
mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Moshi.