Barua ya wazi kwa Waziri wa mambo ya kale: mlango wetu umeondoka kipande kipande

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Bagamoyo, nimekaa barazani kwa bibi na mgongo nimeegemeza kwenye bati. Hapo penye bati ndipo ulipokuwa mlango.

Sijui hata nianzie wapi, basi nianze na mfaa maana ndio ulioondoka kwanza. Kwa ambao sio watu wa pwani, mfaa ni ule mti unaosimama katikati ya mabao mawili ya mlango, umegongewa kwenye bao moja, mlango ukifungwa ndio unaoziba ule mwanya. Na ndio wenye nakshi kuliko kitu chochote pale, maana fundi alijua mgeni akisimama kupiga hodi macho yake yatatua hapo. Wetu ulikuwa na yungiyungi kwa chini, halafu mtende unapanda mpaka juu. Asubuhi moja ya masika mwaka juzi bibi kaamka kwenda kufungua kakuta mwanga unapita katikati ya mlango. Kwenye kizingiti kulikuwa na vichane vya mbao vimelowa na kipande cha msumeno wa chuma kilichokatikia kazini. Usiku huo mvua ilipiga kwenye mabati ya majirani mpaka alfajiri, nani angesikia.

Kusema kweli dalili zilikuwepo. Vile vichwa vya shaba, ile misumari minene ya pambo iliyopigwa mlangoni, vilianza kupotea mapema, kimoja leo viwili wiki ijayo, sisi tukasema watoto wanachezea. Kumbe vinang'olewa na bisibisi vinapelekwa kwenye mizani ya chuma chakavu, vinapimwa pamoja na koki za bomba na nyaya. (Wanasema huko India vichwa hivyo viliwekwa kuzuia tembo wasisukume mlango. Bagamoyo tembo walikuja meno tu, begani kwa watu.)

Miezi miwili baadae likaondoka bao la kushoto lote. Hii milango haina bawaba mheshimiwa, kila bao lina ulimi juu na ulimi chini, unazunguka ndani ya tundu la kizingiti, ukijua pa kunyanyulia linachomoka lenyewe, usipojua utahangaika mpaka kuche. Aliyechukua letu alijua. Huyo sio teja wa kuiba ndoo, huyo ni mtu wa mbao, tena alikuja na usafiri, jirani alisikia kirikuu inawashwa saa tisa za usiku.

Tukaenda kuripoti. Sitasema wapi wala kwa nani, maana nia yangu sio kumchongea mtu. Nikaulizwa mlango ni wa bei gani, nikasema sijui. Risiti unayo? Nikasema afande, ule mlango juu yake pamechongwa 1310. Akaandika, "shilingi elfu moja mia tatu na kumi". Wallahi aliandika. Nikamwambia hapana, huo ni mwaka, Hijria, kwa kizungu ni kama 1892, yaani Wajerumani ndio kwanza wamehamishia makao makuu yao Dar, mwaka mmoja nyuma. Akafuta. Akauliza swali la maana: picha yake unayo?

Tukarudi nyumbani tukafungua masanduku. Picha iliyopatikana ni moja tu, ya harusi ya shangazi 1994, bibi harusi kasimama mbele ya mlango na wapambe wake, na lile shela lake limefunika mfaa wote kuanzia juu mpaka chini. Unaona kona ya fremu na vichwa vitatu vya shaba basi. Miaka mia na ushee ule mlango umesimama njiani, wazungu wameupiga picha mpaka tukawazoea, sisi wenyewe hatuna hata moja.

Ndio sababu ya barua hii. Sikuombi sheria mpya, sheria ipo na ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikuishia kusema vitu vya zamani vilindwe, imeitaja milango yenyewe: mlango wa mbao au fremu ya mlango iliyochongwa hapa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940, hicho ni kitu kinacholindwa na hakitoki nchini bila leseni. Nchi ndiyo kwanza ina miaka mitatu ya uhuru na waliokaa kuandika wakakumbuka milango, niliposoma hapo nilifurahi mpaka nikamsomea bibi. Bibi akasema, sasa huyo mwizi yeye kasomewa?

Na hapo penye 1940 ndipo jamaa wanapopitia. Mlango mpya ruksa kuuza, na sina neno hapo, mafundi wetu wanachonga vizuri na wanakula kwa jasho lao. Ila nimeona kwa macho yangu mlango wa zamani unapigwa msasa ukapakwa vanishi ukawa mpya, na mlango mpya unapakwa chai ya rangi na masizi ukawa wa zamani, inategemea mteja anataka nini na karatasi zinasema nini. Sasa wewe afisa umesimama bandarini mbele ya kontena la fenicha, utajuaje? Ukiingia mtandaoni ndio utachoka, kila mlango unaitwa wa Zanzibar, bao la Kilwa Kivinje, bao la Pangani, la Bagamoyo, yote ukishavuka maji ni Zanzibar kwa sababu ndilo jina ambalo mnunuzi analijua. Lingine kioo juu limeshakuwa meza ya kahawa, lingine ni kichwa cha kitanda. Mtu analala na mlango wa watu ukutani.

Nikupe mfano wa jirani zetu Kenya. Wamijikenda wana vigango, ile miti ya kuchonga wanayowasimamishia wazee waliokufa, vimeibwa miaka na miaka vikaishia Marekani. Mwaka 1985 mtafiti mmoja wa kike kutoka Marekani alimpiga picha mzee wa Kigiriama, nao ni Wamijikenda, amesimama na vigango viwili vya ndugu zake, haikupita muda vikaibwa. Mwaka 1999 yule mama yuko kwenye mkutano anaangalia picha za slaidi, anakiona kimoja, anakijua. Kilikuwa jumba la makumbusho Illinois, mwenzake akakutwa chuo kikuu cha Hampton kule Virginia, ikafika 2007 vyote viwili vimerudi. Mheshimiwa, hapakuwa na risiti hapo. Kilichokuwepo ni ile picha. Vingine vingi vilivyorudi baadae, kama vile 30 vya makumbusho ya Denver, vimefika Kenya lakini kujua ni vya kaburi gani ni kazi nyingine.

Sasa tunachoomba ni hicho tu, picha. Mtu apite na futi na simu, Bagamoyo, Pangani, Kilwa Kivinje, Mikindani, Lindi, apande mpaka Tabora maana hata Kwihara tembe alilokaa Livingstone lina mlango wa nakshi. Kila mlango upigwe mbele, nyuma, maandishi ya juu, upana, urefu, penye ufa, penye tundu la msumari. Sanasana penye kasoro, kwa sababu nakshi inaweza kuigwa lakini ufa hauigiki. Picha moja ikae ofisini kwako, moja bandarini, moja kwa mwenye nyumba. Interpol wana programu ya simu inaitwa ID-Art, imetoka 2021, ni bure, hata mnunuzi anaweza kuangalia kama kitu kimeripotiwa kuibwa. Lakini uripoti nini kama huna picha? Vijana wa chuo cha sanaa wapo hapa hapa mjini, wapeni posho ya mwezi mmoja muone.

Na nisijifanye malaika. Milango mingine haiibwi, inauzwa na wenyewe. Nyumba ya mirathi ina warithi kumi na tano, watano wako Dar, wawili Muscat, aliyebaki ndani hana hela ya chokaa, anakuja mtu na laki kadhaa mkononi na Fuso iko nje. Mjomba wangu aliwahi kupokea kishika uchumba cha ule mlango wetu, bibi ndiye aliyemrudishia mtu hela yake tena kwa kuazima. Kwa hiyo ukituma watu wa kupiga picha wasije na vitisho, waje na mfuko wa chokaa pia, mtu ambaye ukuta wake umesaidiwa haoni taabu kuulinda mlango.

Maana ukuta ndio unaofuata. Zamani mlango ulisimamishwa kwanza nyumba ikajengwa kuufuata, fremu imekumbatiwa na mawe ya matumbawe pande zote. Mwizi akitaka fremu lazima avunje. Akishavunja, maji ya mvua yanaingia katikati ya ukuta, udongo na chokaa vinayeyuka taratibu, boriti za juu zinaoza vichwa, baada ya masika matatu unasikia nyumba imeanguka kwa uzee. Kuna moja uchochoro wa nyuma hapa ilikwenda hivyo hivyo, watu wakasema ajali ya kazi ya Mungu. Mimi niliiona ikiwa haina fremu miaka minne kabla.

Fremu yetu bado ipo, na 1310 yake. Bao la kulia tumeling'oa wenyewe tukalilaza chini ya kitanda cha bibi, analala juu yake, ndio ulinzi tulionao kwa sasa. Nimeshalipiga picha mbele na nyuma, nimeanza na ya majirani pia Jumamosi zangu, nikipata ofisi ya kuzipeleka nitazipeleka siku hiyo hiyo.

Na kama barua hii itamfikia aliyeuziwa bao la kushoto, liwe ukutani, liwe meza: geuza nyuma, chini kwa upande wa ulimi utaona mistari mitano imekatwa kwa kisu, mmoja umezidi wenzake urefu. Hapo babu alipimiwa kimo akiwa mtoto, kila Idi mstari mmoja. Huo mrefu ni mwaka aliovaa viatu.

Mjukuu wa nyumba ya bati,
Bagamoyo