Mgambo wa Kagera waandikwe wangali hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonisumbua kila ifikapo Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunapowatazama viongozi wetu wakiweka mkuki, ngao na shada la maua mnarani. Sina neno na heshima hiyo, kwani walioanguka wanaistahili, na waliolala Kaboya kule Muleba ni watoto wa nchi nzima. Ombi langu linawahusu waliorudi, hasa wale mgambo waliokwenda vitani kutoka mashambani na viwandani, wakarudi huko huko, na leo katika wilaya zetu hakuna daftari unaloweza kulifungua ukayakuta majina yao.

Hapa Pangani, ng'ambo ya mto upande wa Bweni, yuko mzee mvuvi ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakunituma. Mwaka 1978 alikuwa mkata mkonge, kijana wa miaka 22 aliyekwisha kupata mafunzo ya mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, na Mwalimu akatutangazia kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, yeye alikuwa miongoni mwa waliopandishwa malori. Alifika daraja la Kyaka likiwa limekwisha kulipuliwa. Alitembea kwa miguu kutoka Mutukula hadi Masaka, na Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, alikuwa amelazwa, sikio lake la kushoto likivuja damu kwa mshindo wa mizinga. Sikio hilo halijasikia tena hadi leo.

Aliporudi alikuta bei ya mkonge imeporomoka na mashamba yanapunguza watu. Ilikuwa ile miaka ya kufunga mikanda, ambayo tuliambiwa itakuwa miezi 18 tu, na wa rika langu wanajua ilivyorefuka. Mjomba wake akampa nafasi katika ngalawa, naye mtu mzima aliyekwisha kuona vita akafundishwa na watoto wa miaka kumi jinsi ya kufunga ndoana kwenye mshipi.

Nimekwenda naye baharini mara kadhaa. Huondoka alfajiri maji yakianza kutoka, ili mkondo wa mto uwasaidie kuvuka mlango. Yeye hukaa nyuma kwenye usukani, na mjukuu wake hukaa mbele na tanga. Kwa kuwa upepo ukivuma babu hasikii anachoitwa, wamefungiana uzi mwembamba kutoka kidole cha kijana hadi kifundo cha mkono wa mzee. Uzi ukivutwa mara moja, mbele kuna mwamba. Ukivutwa mara mbili, kuna nyavu za mwenzao. Miaka ile uvuvi wa baruti uliposhamiri katika pwani yetu ya Tanga, mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba kuna waliolipua, kwa sababu aliupata mtikisiko kwa nyayo kupitia mbao za chombo kabla ya wenye masikio mawili kusikia chochote. Wenzake wananiambia kwamba siku kama hiyo hakuvua tena. Aligeuza ngalawa akarudi nyumbani, na hakuna aliyemwuliza.

Mwaka jana nilimsindikiza katika ofisi moja kuomba atambuliwe kuwa alipigana. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu, nami simlaumu, maana alifuata utaratibu aliopewa. Alitaka cheti cha kuachishwa jeshi, tukamweleza kwamba kilikwenda na maji mafuriko yalipoingia nyumbani kwa mzee. Basi akasema walau waletwe mashahidi wawili waliokuwa naye kikosini. Mzee akacheka, akasema, "Mmoja namjua alipo, mwanangu. Yuko Kaboya. Utamwita wewe?"

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mgambo hawakuchukuliwa kwa siri. Walichukuliwa mbele ya wenzao wa kazini na majirani zao, na baadhi ya walioshuhudia malori yakiondoka bado wako hai, ingawa kila mwaka tunawazika kadhaa. Watendaji wa vijiji na mitaa wakiagizwa kukaa na wazee wa mahali hapo kwa siku mbili tatu, majina yatapatikana, kisha jeshi litayalinganisha na kumbukumbu zake. Ushahidi wa jirani aliyemwona mtu akiondoka na akirudi ukubaliwe pale karatasi zilipopotea. Tukishakuwa na daftari, ndipo tuzungumze kama inafaa mzee wa namna hii aendelee kulipia leseni ya uvuvi kila mwaka, na ni nani atakayemfikisha kwa daktari wa masikio, kwa maana kadi ya matibabu ya wazee anayo lakini nauli ya kwenda na kurudi Tanga mjini huitoa katika changu wawili watatu aliowauza mnadani.

Kwa sasa kusi inavuma na vyombo vidogo havitoki sana, kwa hiyo mzee anapatikana dikoni Bweni tangu asubuhi, akishona nyavu chini ya mkungu. Afisa yeyote atakayeguswa na barua hii asisubiri kuandikiwa tena. Aje na kalamu, na akishasalimia, akae upande wa kulia.

Mwalimu mstaafu,
Pangani