Mheshimiwa Waziri wa Makazi, huku kwetu tunaoga na slipa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka bedsita, chumba kimoja cha kupanga, huku Kasarani, floo ya tatu, na nataka ujue venye tunaoga kwa shawa ya stima. Kwanza unavaa slipa za mpira. Halafu unagusa mfereji na mgongo wa mkono, si kiganja, juu stima ikikushika kwa kiganja vidole vinajifunga na huwezi kuachilia. Isipokurusha ndio unafungua maji. Nilifunzwa na jirani siku ile nilihamia, na yeye alifunzwa na aliyemtangulia.

Mwezi wa saba, na hiyo baridi unaijua, mtoto wangu wa miaka minne aliingia bafu mbele yangu miguu mitupu akashika mfereji. Alipiga nduru mara moja tu. Nilikimbia nikazima swichi kubwa nikamtoa akitetemeka, mkono umekufa ganzi mpaka jioni, na tangu hapo akisikia shawa ikifunguliwa analia.

Nilimwambia keateka siku hiyo hiyo, nikamtumia landlodi meseji, nikaandika na barua. Nikajibiwa eti shawa ni ya nyumba lakini ikiharibika ni ya mpangaji. Basi nikaita fundi wa stima kwa pesa yangu, akafungua akanionyesha waya wa athi, ule wa kupeleka stima chini ardhini, umekatwa nyuma ya ukuta, hauendi mahali popote. Akanieleza ile koili ya shawa, waya unaochemsha maji, imekaa uchi ndani ya maji, na maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, yanabeba stima vizuri sana, sasa kama hakuna athi stima inashukia kwako wewe unayeoga. Na akasema hiyo si kazi ya nyumba moja, ni jengo lote, kwa hivyo hata nikitaka kutengeneza mwenyewe siwezi.

Mheshimiwa, sheria tunayo. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inataka nyumba ya kupangisha iwe inafaa mtu kuishi na ibaki hivyo muda wote amepanga. Lakini naipeleka wapi? Ile tribunali ya kesi za kodi ya nyumba inatumia sheria ya 1959, na inasikiliza nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mimi nalipa 9,500. Nitafutie bedsita ya 2,500 hapa Nairobi yenye bafu ndani. Nimebaki na korti na wakili ambaye siwezi kumlipa, na landlodi anajua hivyo, na mimi nikichelewa kulipa yeye ana sheria yake ya kunibebea sofa na tivi.

Kila mwezi mshahara wangu unakatwa 1.5% ya kujenga nyumba za bei nafuu. Sawa, zijengwe. Lakini hizi tunazolala ndani leo nani anazikagua? Stima ikiunganishwa mara ya kwanza fundi mwenye leseni anatia sahihi cheti, baada ya hapo huku kwetu sijaona mtu amerudi kuangalia hata siku moja.

Naomba vitu viwili. Hiyo 2,500 ipandishwe ifikie kodi tunazolipa kweli, ndio mtu wa bedsita aingie tribunali bila wakili. Na wiring ya maploti ikaguliwe kila baada ya miaka fulani, jengo likipatikana na makosa landlodi apewe siku za kutengeneza na kodi isimamishwe mpaka amalize.

Barua niliyomwandikia landlodi, picha za ule waya na risiti ya fundi ninazo, nitaleta ofisini kwako siku utakayosema. Kwa sasa nachemsha maji kwa sufuria, mtoto namuoshea kwa beseni.

Mpangaji, Kasarani