Rimu Kuingia Siyo Kukaa: Soma Ofseti Kabla Hujanunua

Jumamosi asubuhi ndiyo siku yetu ya rimu. Mtu anafika gereji, hapa Mwanakwerekwe, Unguja, na rimu nne kwenye buti, amezifunga magunia zisichubuke, na swali ni lile lile: "Fundi, hizi zitaingia?"

Mara nyingi zinaingia. Tundu nne, bolti nne, nati zinakaza. Lakini kuingia kwenye bolti siyo kukaa mahali pake, na tofauti ya hayo mawili haionekani dukani wala gari ikiwa imesimama. Inaonekana gari ikibeba watu watano na kukutana na tuta.

Mteja wetu mmoja anakodisha Toyota IST kwa wageni. Alinunua rimu pana, nzuri kweli, akafungiwa kwengine, gari ikatoka inapendeza. Siku ya tatu wageni walimpigia simu wakiwa njiani kwenda Nungwi: gari inanuka mpira. Alipotuletea, bega la nje la tairi la nyuma, kulia na kushoto, lilikuwa limenyolewa na ukingo wa bodi. Tairi lilikuwa jipya. Rimu haikuwa mbovu wala si feki. Ofseti yake haikuwa ya gari ile.

Ofseti ni kitu rahisi mtu akielezwa vizuri. Ipasue rimu kwa mawazo katikati ya upana wake, kama unavyopasua chungwa. Halafu tazama ule uso wa rimu unaogusana na habu, yaani kile kitovu cha gari kinachofungiwa rimu: uko wapi ukilinganisha na mstari wa katikati? Ukiwa juu ya mstari wenyewe, ofseti ni sifuri. Ukisogea upande wa nje, upande wa barabara, ofseti ni chanya, na tairi linaingia ndani chini ya bodi. Ukisogea upande wa ndani, ni hasi, na tairi linatoka nje. Gari ndogo za Kijapani tunazoendesha visiwani zina ofseti chanya kubwa. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo tairi linavyochomoza.

Tupige hesabu. Rimu ya awali ina upana wa inchi 5.5, sawa na milimita 140, nusu yake 70. Ikiwa ofseti ni 45, kutoka kwenye habu kwenda nje ipo milimita 25 tu, na kwenda ndani 115. Sasa mtu ananunua rimu ya inchi 7, ofseti 35. Upana ni milimita 178, nusu yake 89. Nje inakuwa 54, ndani 124. Anaona ofseti imeshuka kumi tu, anadhani ni kidogo, kumbe rimu imetoka nje milimita 29 zaidi, na ndani pia imeikaribia shokapu kwa milimita 9. Upana na ofseti husomwa pamoja. Ukitajiwa kimoja bila ya kingine, hujaambiwa kitu.

Tairi likitoka nje, madhara hayaishii kwenye bodi. Beba ndoo ya maji mkono ukiwa karibu na mwili, kisha inyooshe mbali. Maji ni yale yale, bega ndilo linalolia. Beringi ya gurudumu nayo iko hivyo. Usukani vilevile unabadilika: kila shimo linavuta mkono. Mwenye gari ya Pemba, na kona zile na miinuko ile, atalihisi hili kabla ya mwenye gari ya mjini.

Hapo ndipo watu wanapotuomba spesa, lile bamba linalowekwa kati ya habu na rimu, na naomba tusikilizane. Spesa inafanya kazi moja: inasukuma gurudumu nje. Spesa ya milimita 20 kwenye rimu ya ofseti 45 ni sawa na kufunga rimu ya ofseti 25. Kwa hiyo inasaidia pale tu rimu inapogusa ndani, kwenye shokapu au kalipa ya breki. Tairi linalokwaruza bodi, spesa italizidishia. Hakuna spesa ya kurudisha tairi ndani, na mteja akitaka tumfungie kwa sababu hiyo tunakataa, hata kama pesa iko mezani.

Spesa nyembamba, za milimita 3 au 5, zinavaliwa juu ya bolti za gari zenyewe, na kila milimita ya spesa ni milimita ya uzi iliyopotea. Toyota nyingi hutumia bolti ya milimita 12 yenye uzi wa 1.5, yaani kila duru ya nati inasogea milimita 1.5. Kwa bolti hiyo tunataka nati izunguke mara 8 kamili kabla ya kushika. Ikishika kwenye duru ya tano, spesa tunaivua. Zile nene zina bolti zake, lakini ncha za bolti za gari hazitakiwi kutokeza upande wa pili, ama sivyo rimu inakalia ncha za bolti badala ya kukalia spesa.

Tundu la katikati watu hawalitazami kabisa. Habu ya Vitz au IST ni milimita 54.1. Rimu nyingi za kununua zina tundu kubwa zaidi ili zienee gari nyingi, na bila ya pete ya kuziba nafasi hiyo, rimu inaning'inia kwenye nati peke yake. Gari ikifika mwendo wa 80 usukani unatetemeka. Kuna gari tuliibalansi mara mbili bila ya nafuu mpaka tulipoligundua hilo, na tangu hapo pete ndiyo kitu cha kwanza tunachopima. Nati nazo zitazame: nati bapa zenye washa, za baadhi ya rimu asili za aloi za Toyota, hazikai kwenye tundu la koni la rimu ya kununua.

Kisha kuna chumvi yetu. Spesa ya alumini juu ya habu ya chuma, gari ikilala pwani, Paje au Jambiani, baada ya miezi inagandana kama imechomelewa. Tunasugua habu kwa brashi ya waya na kupaka grisi nyembamba kwenye ukingo wake. Kwenye uzi wa bolti hatupaki, kwa sababu nati itakazwa kupita kiasi bila ya kujua.

Ukienda dukani, igeuze rimu. Nyuma, au kwenye mkono wake, utakuta maandishi kama 15x6J ET38. Hiyo 6 ndiyo upana kwa inchi, na 38 ndiyo ofseti. Ikifutika, ilaze kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo, pima mpaka kwenye ule uso unaogusana na habu, kisha toa nusu ya upana wote wa rimu, ukingo hadi ukingo. Ukipata 127 na upana wote ni 178, unatoa 89, inabaki 38. Au tupigie picha ya maandishi hayo ututumie pamoja na aina ya gari, kabla hujalipa.

Tukishafunga, tunajaza watu garini na kukata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Nati tunazikaza kwa spana yenye kipimo, niutoni-mita 103 kwa Toyota nyingi ndogo. Nenda Nungwi urudi, kisha pita gereji tuzikaze tena. Hiyo hatutozi.