Kustaafu kazi si kustaafu kuvaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wastaafu wenzangu wa Pemba na Unguja, na watoto wetu pia, juu ya mavazi.

Siku za pencheni, ukenda benki hapa Wete unamkuta aliyekuwa mkuu wa skuli, au karani aliyevaa kaunda suti ya pasi miaka yake yote ya kazi, amesimama foleni na fulana ya kampeni iliyolegea shingo, pensi na kandambili. Wanawake nasi dera, lililokuwa vazi la nyumbani, tumelitoa mpaka mjini, tena limeshapauka. Ukiuliza, unajibiwa: "Mwalimu, mimi nishastaafu, namvalia nani?"

Swali hilo linaniuma. Tunawavalia jirani, wajukuu, na wafiwa tunaokwenda kuwapa mkono. Tunawavalia wanafunzi wetu wa zamani, ambao mpaka leo wanatuamkia njiani. Hao hawajatustaafisha.

Nakubali mambo yamebadilika. Hata maofisini siku hizi watu wanavaa vyepesi, na mitumba ni rahisi. Pesa nayo ni tatizo la kweli. Pencheni jamii ya wazee wa miaka 70 na zaidi ilipoanza mwaka 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na siwezi kumwambia anayetegemea fedha kama hizo aende dukani kununua nguo. Lakini sisemi wingi wa nguo. Kanzu mbili za pamba, moja mwilini na moja kambani, zinamtosha mzee akizitunza. Doti moja ya kanga iliyokatwa sawa, ikapindwa, ikafukizwa udi, inamsitiri mama popote. Mwenye magoti mabovu avae viatu vya raha, hakuna wa kumlaumu. Joto silikubali kuwa sababu: fulana ya nailoni inashika jasho, kanzu inapitisha upepo.

Kofia ndiyo inayonikosesha usingizi. Tangu niache kufundisha nashona kofia za viua, kwa hiyo nasema wazi kwamba nina maslahi. Kila kiua ni tundu linalotobolewa kisha likazungushwa uzi kwa sindano, moja moja, kofia nzima. Ukikaza uzi kupita kiasi kitambaa kinajikunja. Ukilegeza, tundu linafumuka likifuliwa mara ya kwanza. Kofia moja hukaa mkononi mwangu miezi. Wanunuzi wake karibu wote ni watu wazima. Hao wakiridhika na kofia za mashine zinazoletwa kutoka nje, au wakenda kichwa wazi, wasichana wanaokaa nami barazani kujifunza wataweka sindano chini, na sitakuwa na neno la kuwazuia.

Kwa hiyo nawaomba watoto mlioko Unguja, Bara na Muscat. Idi ikikaribia, msimletee baba jezi ya timu. Mpimeni kichwa kwa uzi, juu kidogo ya masikio, mkate uzi hapo na kuupeleka kwa mshonaji mapema, kwani kofia ya mkono haiwahi ikiagizwa kumi la mwisho la Ramadhani.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba