Merkava na merikebu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba, kwa hali ilivyo Gaza, Mwislamu au Mkristo anayesoma Kabala, ile elimu ya batini ya Kiyahudi, amekosa kazi na pengine amekosa na imani.

Nimesomesha Kiarabu zaidi ya miaka thelathini. Tangu nistaafu najifunza Kiebrania, na daftari langu naenda nalo hadi barazani. Mwezi uliopita, kahawa ikimiminwa, kijana wa jirani alilichungulia akaona neno nililoliandika pembeni: Merkava.

"Maalim, hata wewe? Si ndivyo vile vifaru tunavyoviona Gaza?"

Baraza likanyamaza.

Hakukosea. Jeshi la Israeli lina kifaru cha jina hilo tangu 1979. Ila neno lenyewe ni la kale, maana yake gari la kukokotwa. Nabii Ezekieli alioneshwa enzi ikibebwa na viumbe wenye nyuso nne, gurudumu ndani ya gurudumu, na wanazuoni wa Kiyahudi wakayaita maono yale Merkava. Humo ndimo ilimoanzia elimu yao ya batini. Mzizi ni ule ule wa rakiba, kupanda chombo, uliotupatia sisi merikebu. Nikamweleza kijana hivyo.

"Basi nabii wamemvisha magwanda," akasema.

Hilo sikulipinga. Dua ya Gaza inasomwa msikitini kwetu nami naitikia amina kama wenzangu.

Nisichokubali ni lile sharti la msomaji wenu kwamba tungoje ugomvi uishe ndipo tusome. Tutangoja sana, maana elimu hii haijawahi kukosa ugomvi. Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, kilijitokeza Kastilia, Hispania, mwishoni mwa karne ya 13, na mabishano yakazuka kama ni cha Rabi Shimon bar Yochai wa karne ya 2 au ni kalamu ya Moses de León, Myahudi wa Hispania wa zama zile zile. Mwaka 1666 Sabbatai Zevi, ambaye wafuasi wake walitumia Kabala kuthibitisha kuwa ndiye Masihi, alisilimu mbele ya Sultani Mehmed IV. Fedheha ile iliwaandama Wayahudi miaka mingi, na mwaka 1756, baada ya kuzuka kundi jingine la namna hiyo, marabi waliokutana Brody, mji wa Ulaya Mashariki, wakaweka mipaka: Zohar isisomwe kabla ya miaka 30, wala mafunzo ya Isaac Luria, mwalimu mkubwa wa Kabala, kabla ya 40. Luria mwenyewe alifariki Safed mwaka 1572 akiwa na miaka 38.

Siasa nayo haikuwa mbali. Mwaka 1772 wakuu wa Wayahudi wa Vilna, mji wa Lithuania, waliwatenga Wahasidi, kundi jipya la Wayahudi lililoieneza Kabala kwa watu wa kawaida. Miaka 26 baadaye kiongozi mmoja wa Wahasidi, Shneur Zalman wa Liadi, akachongewa kwa serikali ya Urusi na kufungwa St. Petersburg. Moja ya mashitaka: anapeleka fedha Palestina, nchi ya Waturuki, maadui wa Urusi. Zilikuwa sadaka za maskini. Na yule mwanazuoni mkubwa wa Vilna aliyewapiga vita Wahasidi, naye akifafanua Zohar hiyo hiyo! Kitabu kimoja, watu hawasalimiani.

Lakini yapo masharti ambayo msomaji wenu hakuyataja, na hayo yamenishika mimi. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200, inakataza Merkava isisomeshwe hata kwa mtu mmoja, ila awe na hekima na ufahamu wake mwenyewe. Hata kwetu mtu hapewi uradi na shehe kabla hajajua kutawadha.

Nitasema nilivyoumbuka. Kabala inazungumzia sefirot kumi, daraja ambazo kwazo Mungu asiyefikiwa anajidhihirisha. Mimi nikaona sefirot na sifuri yetu ni ndugu. Nikaandika kurasa sita kuhusu utupu na uwepo, maneno matamu kwelikweli. Siku nilipoliangalia neno herufi kwa herufi, nikakuta limeandikwa kwa herufi ya Kiebrania sameki, ambayo kwa Kiarabu hapo ni sini. Sifuri ni ya swadi. Sifuri ni tupu; sefirot inatokana na kuhesabu. Mwanafunzi wangu wa darasa la kwanza angechanganya sini na swadi ningemrudisha nyuma ya darasa. Zile kurasa mama watoto aliwashia jiko la mkaa.

Kwa hiyo mimi, niliyepita arobaini zamani, Zohar nimeifunga. Gaza haikunifungisha, wala kijana wa barazani. Zohar imeandikwa kwa Kiaramu nisichokijua, na inafasiri Torati ambayo kwa Kiebrania sijavuka Mwanzo sura ya 12. Wanaouza uzi mwekundu wa mkononi wakauita Kabala hawajali hayo. Mteja wao halazimiki kujua hata alefu, herufi ya kwanza ya Kiebrania.

Kijana naye siku hizi akipita huuliza nimefika sura ya ngapi, kwa kejeli au kwa kutaka kujua, sijambaini bado.

Mwisho nina ombi. Msomaji mwenye kamusi ya Kiaramu iliyofasiriwa kwa Kiarabu, asiyeihitaji tena, aache ujumbe ofisini kwenu. Nitainunua, na gharama ya kuituma Tanga kwa basi ni juu yangu.

Mwalimu mstaafu,
Tanga